Daktari wa mifugo anayekuja nyumbani, Mtwara: Bobi wetu alipopata kiharusi

Naandika hii kwa yeyote anayefuga mbwa huku kwetu, Mtwara mjini, Mikindani, Naliendele mpaka Lindi, maana mwezi wa nane nilihangaika na simu usiku nikitafuta mtu wa huku aliyewahi kupitia hili sikumpata, kila ninachofungua ni cha Dar au Arusha. Jina la daktari siliweki kwa sababu sikumuomba ruhusa. Ni daktari wa mifugo, ana kafremu ka dawa mjini, wafugaji wa kuku wa nyama wengi wanamjua.

Mbwa wetu anaitwa Bobi, miaka 11, mbwa wa kienyeji hawa hawa, kilo 19. Tunakaa Naliendele. Siku hiyo saa kumi na moja alfajiri nikasikia kitu kinagonga mlango wa jikoni kwa nje, kinagonga kinaacha, kinagonga kinaacha, nikajua mwizi. Kufungua nikamkuta Bobi kalalia ubavu wa kulia anajitahidi kuinuka, akiinuka tu anaangukia kulekule kulia kama mtu aliyelewa, kichwa kimepinda, mate yanamtoka, katapika, na macho, hayo macho ndo yaliyonimaliza, yanacheza yenyewe bila kutulia. Jana yake jioni alikula vizuri na akabweka kama kawaida. Ghafla tu.

Hata saa kumi na mbili haijafika uani palikuwa na watu na kila mtu ana lake. Wa kwanza anasema ni salfa, maana ndo msimu wa kupulizia mikorosho na vumbi lipo kila mahali. Vijana wanasema kichaa cha mbwa hicho, ona mate, apigwe kabla hajang'ata mtu. Mwingine akasema katupiwa kitu kilichokuwa kinakuja kwangu mbwa akakidaka. Mi nimeganda tu nimeshika beseni. Ndo mama yangu akatoka ndani na fimbo yake, akasimama pale akamwangalia Bobi kimya muda mrefu, akasema, "Huyu kapatwa na yangu." Mama alipata kiharusi mwaka 2021, upande wa kulia pia, mpaka leo ule mkono haufungi kifungo cha gauni.

Nikapiga simu duka moja la dawa za mifugo nililokuwa na namba yake (silitaji, na sisemi ni baya kwa mambo mengine, chakula cha kuku nanunua palepale). Nikaeleza, yule mtu hakuuliza swali hata moja, akasema nije nichukue deksa (sindano ya deksamethasoni) nimchome mwenyewe, asipoinuka mpaka jioni nimmalizie tu asiteseke, ashazeeka. Nilikata simu nikalia. Jirani yangu mzee mmoja, yeye kwa imani yake hagusi mbwa na wala Bobi hajawahi kuingia kwake, ndiye aliyeniletea namba ya huyu daktari kaandika kwenye kipande cha boksi la sabuni, alimpata alipokuwa na mbuzi wanaharisha.

Sasa hapa naanza na ubaya wake ili mjue. Simu hapokei usiku. Nilipiga kuanzia saa kumi na mbili kasoro, alipokea saa mbili kasoro robo. Kwa ugonjwa kama huu masaa mawili hayo ni marefu sana jamani. Na hana mtu wa kumshikia simu, akiwa shambani kwa wafugaji ndo basi.

Ila alipopokea, aisee. Hakuniambia njoo ununue. Aliniuliza: anapumua vipi, mdomo wazi au kawaida? Fizi zina rangi gani, nyeupe, za pinki, za bluu? Kuna mtu yeyote kang'atwa au karukiwa na mate? Kuna sumu ya panya imewekwa nyumbani au kwa jirani? Mmempa dawa gani mpaka sasa? Nikamwambia hatujampa kitu, ila jirani mmoja anataka tumpe aspirini maana mama alipotoka hospitali alipewa. Akaniambia kwa sauti ya ukali kidogo, "Dada yangu, usithubutu, na Panadol usithubutu, na diklofenaki usithubutu, na maji usimmiminie mdomoni maana anaweza asimeze yakaenda kwenye mapafu." Akasema nimlaze kwenye godoro chumba chenye giza na utulivu, mbali na ngazi, nimrekodi video ya dakika moja, uso karibu halafu mwili mzima, nimtumie WhatsApp wakati yeye anajiandaa. Hiyo ya video shikeni sana, maana macho yalivyokuwa yanacheza kwenye video na yalivyokuwa daktari alipofika ni vitu viwili tofauti, bila ile video asingeona.

Alifika saa nne na bodaboda. Kabla hajamgusa aliomba kadi ya chanjo. Ninayo, Bobi huchanjwa kichaa kila mwaka, tena sisi watu wa mikoa hii ya kusini hatuna kisingizio, tangu 2010 tuliingizwa kwenye ule mradi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza kichaa cha mbwa, watoto wote wanajua foleni ya mbwa ikoje. Akaisoma tarehe, akavaa glavu, ndo akapiga magoti. Alikaa na Bobi dakika arobaini na kitu, sijawahi kuona mnyama anaangaliwa hivyo, binadamu wenyewe hatuangaliwi hivyo siku zote.

Kwanza joto, 38.9, akasema hiyo kwa mbwa ni kawaida, wao wana joto kuliko sisi. Akasikiliza moyo muda mrefu. Akaangalia masikio yote mawili kwa kale kadude kenye taa, anatafuta usaha, maana alivyonieleza, ndani kabisa ya sikio ndo kuna kiungo cha kumshikia mbwa mizani ya mwili, kikiharibika kichwa kinapinda, anaanguka, macho yanacheza, anatapika, yaani picha ileile ya kiharusi. Tena kuna hali inawapata mbwa wazee bila sababu yoyote inayoonekana, kizunguzungu kikali ghafla, mwenye mbwa akiona anajua kiharusi, kumbe ndani ya masaa 72 mbwa anaanza kupata nafuu mwenyewe na wiki mbili tatu anatembea. Akasema hao ndo wanaouawa bure. Nikakumbuka ile simu ya asubuhi.

Sasa Bobi alikuwa nayo hiyo au alikuwa na kitu kwenye ubongo? Hapo akafanya kitu kidogo sana ambacho mimi sasa naweza kumfundisha mtu. Alimnyanyua kwa tumbo akamsimamisha, akakunja unyayo wa mguu wa mbele kushoto ukalala kinyume, mgongo wa unyayo chini. Bobi akaurudisha palepale. Akakunja wa kulia. Bobi akauacha. Ukakaa umekunjika vilevile, yeye wala hana habari. Akarudia mara tatu, akafanya na wa nyuma, kulia tena ukachelewa. Mama akiwa kwenye kiti chake akasema, "Hajui kama ana mguu. Mimi nilikuwa hivyo hivyo, mpaka niuangalie." Daktari akageuka akamwambia, "Ndiyo maana yake bibi, umesema sawasawa." Akasema ugonjwa wa sikio peke yake haumsahaulishi mbwa miguu yake, na kwenye video macho yalikuwa yanacheza juu chini badala ya kulia kushoto, na alikuwa kasinzia sana, hivyo vyote vinaelekeza kwenye ubongo, sehemu ya nyuma ya kichwa inayoratibu mwendo.

Akaniambia wazi, na hapa ndo aliponichukua moyo, kwamba hawezi kuapa kuwa ni kiharusi. Kuthibitisha inataka mashine ya MRI inayopiga picha ya ubongo, huku hakuna ya mbwa, na kumsafirisha mbwa katika hali ile mpaka hospitali ya wanyama ya chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro ni zaidi ya kilomita 700 ukipitia Dar, na mbwa anaweza kufia njiani. Lakini, akasema, kiharusi kina tabia yake: kinakuja ghafla, kinafika kilele siku hiyohiyo, halafu kinasimama au kinarudi nyuma. Kikiendelea kuongezeka siku hadi siku, hicho ni kitu kingine, uvimbe au maambukizi. Kwa hiyo siku tatu zijazo ndo zitatuambia.

Halafu akaniuliza sababu. Mi nilidhani sababu ni zilezile za mama, presha na mafuta. Akasema mbwa wanapata kiharusi mara chache kuliko sisi, na mishipa yao haizibi kwa mafuta kama yetu kwa kawaida. Kwao unaangalia figo, presha inayoletwa na figo au tezi, sukari, moyo, uvimbe, na mara nyingi chanzo hakionekani kabisa. Na kwa nchi zetu hizi unaangalia kupe. Akamfunua Bobi midomo. Kwenye fizi kulikuwa na vidoto vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, na tumboni vingine. Alivyochukua damu mguuni tundu likagoma kuziba, alibonyeza pamba nikihesabu kwenye simu, dakika sita. Akanyamaza. Akapekua vidoleni na ndani ya masikio, akatoa kupe wanne wa kahawia.

Niliona aibu sana, nakiri. Mi nilikuwa namuogesha nikadhani inatosha.

Akanieleza kuwa kupe huyo wa kahawia anamwambukiza mbwa kijidudu kinachoshusha chembe za kugandisha damu, mbwa anaweza kukaa nacho miezi unamwona mzima tu, na chembe zikishuka sana damu inavuja yenyewe, puani, kwenye mkojo, na ikivuja kichwani ndo hiki tunachokiona. Kwa hiyo kiharusi cha Bobi kuna uwezekano mkubwa ni cha kuvuja, si cha kuziba. Na hapo ndo nikaelewa ukali wa kwenye simu. Aspirini inazuia damu kuganda. Mama alipewa baada ya hospitali kumpiga picha ya kichwa na kujua mshipa umeziba. Bobi ningempa asubuhi ile kwa nia njema kabisa ningemmaliza kwa mkono wangu. Hata ile deksa ya dukani, akasema kwa kiharusi haisaidii kitu, na ningemchoma sindano ya nyama mnyama ambaye damu haigandi.

Damu akaipaka kwenye kioo akaenda kuiangalia kwenye darubini kwake, jioni akanipigia: chembe ni chache mno. Akasema akipata mashaka zaidi ataipeleka maabara ya veterinari, wana kituo hapahapa Mtwara, lakini matibabu tusisubiri. Doksisaiklini, dawa ya kuua hicho kijidudu, siku 28, kipimo alikipiga kwa uzito, na maelekezo yake yalikuwa ya maana: apewe na chakula na maji baadaye maana kidonge kikikwama kooni kinaunguza, asipewe pamoja na maziwa, na nisiache siku ya 10 eti kapona. Pale nyumbani alimwekea dripu na sindano ya kuzuia kutapika, ya chini ya ngozi, akaibonyeza.

Baada ya hapo kazi ikawa yetu, na alitufundisha yeye. Kumgeuza kila masaa matatu, usiku pia, la sivyo anaota vidonda nyongani na mapafu yanajaa. Kumkamua mkojo kwa kubonyeza tumbo la chini taratibu asubuhi, mchana na usiku, alinishika mikono mpaka nikajua. Maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya shavu, kichwa kimeinuka, kidogo kidogo, na baada tu ya yeye kumjaribisha kumeza. Chakula ugali laini na supu ya samaki bila chumvi na bila kitunguu, kitunguu ni sumu kwa mbwa, hilo nilikuwa silijui miaka 11 yote na namshukuru Mungu mbwa wetu hapendi mchuzi.

Siku ya pili hakuna kitu. Anatazama tu. Usiku nilimtumia daktari meseji ndefu, asubuhi akajibu kwa kupiga, akauliza tu, "Kazidi au yuko palepale?" Palepale. "Basi tuendelee." Siku ya tatu jioni macho yakatulia. Nilikuwa namgeuza nikaona ananiangalia, yaani ananiangalia mimi, si ukutani, na mkia ukagonga godoro mara moja.

Mazoezi ndo mama aliyachukua, sikumwambia. Alikumbuka yote aliyofundishwa hospitali ya Ligula kwenye chumba cha mazoezi. Anakaa chini, kazi kweli kwake kukaa chini, anamkunja Bobi mguu na kuunyoosha kama mtu anaendesha baiskeli, mara kumi, anapumzika, mara kumi, anambana vidole avute, na yeye mwenyewe anatumia ule mkono wake wa kulia kufanya hivyo, mkono ambao mimi nimemuomba aufanyishe mazoezi miaka mitatu anakataa. Daktari alivyokuja siku ya sita akamkuta, akaongeza moja: kanga chini ya tumbo, watu wawili mnashika ncha, mbwa anasimama uzito mkiwa mmembebea nusu, kwenye mchanga si kwenye saruji, anakanyaga. Wiki ya pili alipiga hatua nne bila kanga akaanguka. Wiki ya tatu akatoka mwenyewe mpaka getini.

Gharama, maana najua mnataka. Kuja na kumwangalia elfu 30, usafiri wake elfu 10, dripu na sindano elfu 25, kipimo cha damu elfu 15, vidonge elfu 8, jumla elfu 88 siku ya kwanza. Marudio elfu 20. Nilimlipa nusu na nusu baada ya wiki mbili, hakunisumbua. Ni hela nyingi, korosho ilikuwa bado haijauzwa, na nimesikia maneno kwamba elfu 88 kwa mbwa ni kufuru. Mbwa huyu alimfukuza nyoka miguuni kwa mtoto wangu wa pili. Kila mtu na hesabu yake.

Mengine ambayo hayakunifurahisha: hatoi risiti mpaka uombe, na bei anakutajia mwisho badala ya mwanzo, nilikaa na hofu muda wote anavyofungua vitu. Presha hakupima, hana mkanda unaofaa mguu wa mbwa, alisema mwenyewe, na kwa mgonjwa wa kiharusi hicho ni kifaa cha lazima, naomba kama anasoma hapa akitafute. Hana sehemu ya kulaza mgonjwa wala oksijeni, kwa hiyo mbwa akizidiwa saa nane usiku ni wewe na Mungu wako. Na anaongea haraka sana, mara mbili ilibidi nimwambie aanze upya niandike.

Nampa nyota 4 kati ya 5. Ya tano ni ya simu ya usiku.

Bobi kwa sasa anatembea, anabweka, kichwa kimebaki kimepinda kidogo kulia na akigeuka ghafla anayumba, daktari anasema hiyo huenda ikabaki. Damu ilirudiwa baada ya dozi kwisha, chembe zimepanda na fizi ni safi. Anavaa mkanda wa shingoni wa kuzuia kupe, banda tulilinyunyizia dawa mpaka nyufa za ukuta maana yule kupe wa kahawia anajificha humo, na yule mzee jirani alinunua dawa hiyohiyo kwa ajili ya mbuzi wake tukachangia bomba la kupulizia.

Mkimtafuta daktari, mpigieni kuanzia saa moja na nusu asubuhi kabla hajatoka, muulizeni bei mapema, na video muwe mmeshairekodi. Alhamisi anakuwa upande wa Mikindani, kwa hiyo wa huko siku hiyo usafiri hawatozi.